Kano Iliyokosekana

3 Februari

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na Bibi pia, naye umfikishie kwa sauti kubwa. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole kimoja, nacho ndicho kilichonikalisha kuandika.

Mwezi uliopita nilikwambia kwenye simu kwamba nimejikata kidogo kazini. Sikusema uongo, ila nilipunguza. Kioo cha dirisha kilinipasua kidole gumba cha mkono wa kushoto, upande wa ndani. Zahanati walishona ngozi, ikapona vizuri. Lakini ncha ya kidole haikunjiki. Nikiiamuru, inanitazama tu.

Daktari wa mikono anasema kano imekatika, yaani ile kamba inayovuta mfupa msuli unapokaza. Miisho yake imerudi nyuma mbali, haiwezi kushonwa pamoja tena. Lazima kitiwe kipande kingine. Kwa kawaida kipande hicho hutolewa kwenye mkono wa mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa kuna kano moja ambayo mtu akitolewa hapungukiwi na kitu. Ukitaka kuiona yako, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono kuelekea kwako. Kamba ikiinuka katikati ya kifundo, ndiyo hiyo.

Mimi sina, Baba. Kushoto hakuna, kulia hakuna. Daktari alibonyeza, akamwita mwenzake, wakabonyeza wote wawili. Anasema si ugonjwa; wapo watu wengi waliozaliwa bila kano hiyo, na hawajui. Sasa atatafuta pengine.

Mwenye karakana yetu ya vioo atanishikia nafasi mpaka mwisho wa Juni. Mkono wa kushoto ndio unaobana rula juu ya kioo. Rula ikiteleza, kioo kimekwenda. Asiyeweza kubana rula hupewa ufagio, na mimi sikujifunza ufundi miaka minne ili nifagie.

Binti yako


12 Februari

Kwa binti yangu,

Marahaba. Bibi naye ameitikia, majirani wamesikia. Tulikuwa wazima, baada ya barua yako tumekuwa wazima wenye wasiwasi.

Kwanza, hilo neno "kidogo" ulilotumia kwenye simu tutalizungumza ukija.

Pili, sielewi mtoto wangu alizaliwaje pungufu. Siku ile nilikuhesabu vidole mwenyewe, mbele ya mkunga. Upande wetu hatujawahi kukosa kitu mwilini. Nilimwambia mama yako aulize kwao.

"Niulize nini?" akasema. "Nani aliiazima?"

Basi Jumapili niliwapanga wote mezani, mikono juu. Mama yako anazo mbili. Bibi anayo moja, ya kulia. Ya kushoto anasema aliimaliza kwa kufua nguo zangu. Yangu haikuonekana vizuri kwa sababu ya mwanga hafifu wa chumba.

Jumatatu niliendelea kwenye kibanda changu cha kunyolea. Mteja akishafungwa kitambaa shingoni, nilimwomba atoe mikono. Karani wa posta anazo. Dereva wa lori anayo upande mmoja tu. Muuza nyama, mwenye mikono kama mihimili ya nyumba, hana hata moja. Nilipomwambia, aliinuka na nusu ya ndevu.

"Wewe ni kinyozi au mkaguzi?" akaniuliza.

Alirudi kesho yake kumalizia ile nusu, amevaa shati la mikono mirefu.

Lakini usihuzunike, dawa imepatikana. Baba yako mdogo anazo mbili, nene, zimesimama kama kamba za kuanikia nguo. Alipoziona akasema, "Kaka, mtoto achukue moja. Ya kushoto, maana ya kulia nachezea drafti." Anakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Mwambie daktari asihangaike tena.

Baba yako

Mwanangu, baba yako hana. Tuliwasha taa zote, na tochi. Ni mimi, Mama.


22 Februari

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta salama, na muuza nyama amewasamehe.

Baba Mdogo alifika. Alikuja na taulo, sabuni na ndala mpya. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, kwa kuwa alisikia kwamba anayepasuliwa hatakiwi kula. Kwenye basi alikuwa ameshawaeleza abiria wote, na kila kituo aliombwa aonyeshe tena.

Kwa daktari aliingia kabla yangu. Alipandisha mkono wa shati mpaka kwapani, akaulaza mkono wake mezani juu ya karatasi za watu.

"Daktari, nimeileta."

"Umeleta nini, mzee?"

"Kano. Ipo hapa."

Daktari alimkunja kifundo, akakiri kwamba mwaka huu hajaona nzuri kama ile. Kisha akaeleza kwa upole kwamba kazi hii hufanywa kwa kano ya mgonjwa mwenyewe. Mwili haupokei ya mwingine hivi hivi.

"Hata ya damu moja?"

"Hata ya damu moja."

"Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha baiskeli."

"Hata hivyo, mzee."

Alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo, tukatoka. Alikula sahani mbili hotelini. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kulipia chakula. Mshukuru kwa niaba yangu, Baba, na usimtanie.

Daktari ameamua kuchukua kano ya kidole cha pili cha mguu. Kidole hicho huinuliwa na kano mbili, kwa hiyo itakayobaki inatosha. Nitapasuliwa Jumanne. Baada ya hapo mkono utafungwa kwenye kibao wiki sita, kisha mazoezi. Hana hakika kidole kitakunjika kiasi gani.

Binti yako


5 Machi

Kwa binti yangu,

Marahaba. Tumepokea simu ya rafiki yako kwamba umepasuliwa na umeamka. Bibi amelala usingizi wake wa kwanza tangu Jumatatu.

Kidole cha mguu! Nilimwuliza mama yako kama sasa kidole gumba kitataka kiatu. Hakucheka.

Sasa nisikilize. Vioo vimekwisha kukuonya. Kibandani kwangu kuna kiti cha pili, na mashine ya kunyolea haimkati mtu kano. Mwandikie huyo mwenye karakana kwamba hurudi, ukusanye vitu vyako uje nyumbani. Nimekwisha kukipangusa kiti.

Baba yako


19 Aprili

Kwa binti yangu,

Hujambo? Naona barua yangu ya Machi haikupata jibu. Mama yako, unayempigia simu, ananiambia kila siku kwamba u mzima, ila haniambii zaidi. Alipoisoma nakala yangu, alinirudishia mezani akaenda zake jikoni.

Nimekosa. Nilikuwa na hofu, nikaiandika kama amri.

Na jambo lingine. Mimi sina ile kano, mkono wowote. Niliangalia juani peke yangu, mlango umefungwa. Miaka thelathini na minne nimenyoa kwa mikono hii, na sikio la mtu sijalikata. Kwa hiyo usijione pungufu. Umetoka kwangu jinsi nilivyo.

Kile kiti cha pili amekikalia kinyozi mwingine tangu jana, mama mmoja mwenye mkono mwepesi. Hakuna nafasi hapa. Fanya mazoezi yako.

Baba yako


16 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo, na unisamehe kimya changu. Nilikasirika wiki tatu. Zilizobaki nilikuwa naogopa kukuandikia kwamba huenda kidole kisikunjike.

Kibao kilipotolewa, kidole kilikuwa kigumu kama kijiko. Mwalimu wa mazoezi alinipa kizibo cha chupa nikibane, mara hamsini kwa siku. Wiki ya tano kilianza kuinama, kama mtu mwenye kiburi anayelazimishwa kusalimia. Sasa kinafika nusu. Daktari anasema huenda kikaongezeka, huenda kisiongezeke.

Jana mwenye karakana aliniwekea vioo vitatu mezani. Cha kwanza, rula iliteleza. Kioo kikapasuka hadi pembeni, na mafundi wote wakasimamisha kazi kutazama.

"Vimebaki viwili," akasema. "Unanitazama nini? Mimi ni kioo?"

Cha pili nilibana rula kwa hiyo nusu niliyo nayo. Kalamu ya kukatia ikatoa mlio mmoja mrefu, kioo kikaachana sawasawa. Cha tatu vivyo hivyo. Alipitisha ukucha kwenye ukingo, mara moja, mara mbili.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi," akasema. "Ukichelewa, sitaki habari za kidole."

Binti yako


25 Juni

Kwa binti yangu fundi,

Marahaba. Barua yako imesomwa nyumbani mara tatu, na mara ya nne kibandani kwa sauti, mteja akiwa na sabuni usoni. Hakulalamika.

Kioo changu cha ukutani kina doa jeusi tangu hujaanza shule. Wateja wa upande wa dirisha hujiona hawana sikio. Nataka kipya, ukate wewe. Kimo kiwe sentimita tisini, upana mia na ishirini. Nimepima mwenyewe, na mama yako amepima tena. Yeye amepata mia na kumi na nane.

Fuata vipimo vya mama yako.

Baba yako