Mtandao Tulioujaribu kwa Sura Yako

Duka la Steshenari na Uchapaji,
Ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na watoto wanaendeleaje na masomo? Sisi huku tunasukuma siku. Mama hajambo, presha imetulia, ila magoti yanamlalamikia kila akipanda ngazi za dukani. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu.

Kwenye simu wewe hushikiki. Nikianza kulalamika tu, unaiga sauti yangu ya utotoni, nacheka, hasira inaniishia kabla sijasema lililonileta. Leo hunichekeshi ng'o. Soma mpaka mwisho, na ukae chini.

Jambo lenyewe ni mtandao wa duka. Unakumbuka mwaka ulipoanza nilikuwa nimechoshwa na bando la simu. Na kazi yangu unaijua. Madaftari na kalamu vinauzwa kila kona, hivyo havinilishi. Watu wanakuja kwangu na bahasha, nawaskania vyeti, nawajazia fomu za vyuo na za kazi, nazituma. Mzazi akiniachia bahasha ameniachia mwanawe. Nikishindwa kutuma, sina duka, nina chumba chenye printa.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni waya, ambao tayari ulikuwa umeingia kwenye jengo. Msusi wa mlango wa pili anautumia, akaniambia, "Shoga, vuta huu huu, mimi mwaka wa pili sijalia." Ya pili ni antena ya paani, ya ile kampuni uliyoisifia wewe. Ulisema umesoma habari zake, ukasema waya ni mambo ya kizamani. Msusi hakuwa amesoma chochote, masikini, alikuwa anautumia tu. Lakini nani katika familia hii amewahi kumpinga kaka mkubwa? Tangu baba atutoke, hata rangi ya mlango wa choo tunakupigia simu.

Sikwenda kichwa kichwa, nataka ujue hilo. Niliandika maswali manne kwenye daftari, na la kwanza lilikuwa: faili kubwa likitumwa, linachukua dakika ngapi? Muuzaji wa antena akaja Jumamosi moja ya mwezi wa tano, akafunga ya majaribio, akaunganisha kompyuta, akasema, "Haya, jaribuni wenyewe." Hapo ndipo tulipoharibu. Badala ya kuijaribu kazi, tukakujaribu wewe.

Mama alikuwa dukani tangu asubuhi, na gauni lake la kijani la kutokea, kwa kuwa nilimdokezea kwamba huenda tukakuona. Msomi akapiga ile simu ya video. Namsema mtoto wa marehemu dada yetu, na jina la Msomi ulimpa wewe mwenyewe alipokuwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Ukatokea. Yarabi! Hata kovu lako la juu ya nyusi lilionekana. Mama akakipapasa kioo kwa vidole vyote. Miaka tisa, kaka! Tulilia, tukacheka, hata yule muuzaji akageuka ukutani akajifuta macho. Daftari langu la maswali lilikuwa limelaliwa na mkoba wa mama, wala sikulikumbuka.

Mama akakuuliza, "Unaniona, mwanangu?"

Ukamjibu, "Nakuona vizuri kabisa, mama. Hujabadilika hata kidogo."

Nikatia saini pale pale. Mkataba wa miaka miwili.

Sasa nikueleze, maana wewe ndiye mjuzi wetu. Mtandao ule kuleta unaleta, kupeleka ndiko kunakoushinda. Picha, nyimbo, sura yako, vyote vinashuka kama maji. Lakini jaribu kutuma vyeti vya mtu uone: kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka mteja anaanza kukutazama usoni badala ya kutazama kioo. Nililaumu kompyuta, fundi akaifungua akaisafisha. Nikalaumu skana. Mtandao wenyewe sikuulaumu, na sababu ni wewe. Nilijiambia, kama sura zetu sisi watatu zilimfikia kaka zikiwa safi, vikaratasi hivi vitashindwaje kufika?

Siku ya mwisho ya fomu za chuo cha uuguzi ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa saba. Cheti cha kuzaliwa cha Msomi kilikuwa kimetoka jana yake tu, unajua ofisi zetu. Tulikaa tangu saa tatu asubuhi, mimi na yeye bega kwa bega. Fomu na viambatisho vinane. Mara ya kwanza ikakatika katikati. Ya pili ikakatika. Ya tatu nikamwona anakung'uta mikono, imelowa jasho. Ya nne, saa kumi kasoro, ikaandika "imepokelewa." Tukakumbatiana. Nilimnunulia soda, akainywa amesimama, hakuweza kukaa kwa furaha.

Jibu likaja mwezi wa nane. Fomu ilifika, vyeti vitano havikufika. Maombi hayakukamilika, nafasi amepewa mwingine. Mtoto mwenye alama zile, kaka, mtoto aliyemuuguza mama yake kitandani mpaka siku ya mwisho na ndiyo maana anataka kazi hiyo!

Na linaloniuma kuliko nafasi yenyewe ni hili: anaamini amekosea yeye. Kwamba alikuwa na papara, akabonyeza kabla vyeti havijaingia vyote. Nilimwambia kosa ni la mtandao. Akaniangalia kama mtu anayebembelezwa, akasema, "Mama mdogo, mtandao ni mzima. Mjomba alituona vizuri." Na hata mimi nilikuwa naamini hivyo.

Dirisha la pili la maombi ya chuo linafunguliwa mwezi wa kumi na moja. Hataki kulisikia. Fomu nimempa mara mbili, mara mbili nimeikuta imerudi mezani kwangu haina hata jina. Anapanga karatasi dukani, anafagia, anasema anatosheka. Juzi mama alimwita Msomi, akajibu kwa upole, "Bibi, niite jina langu la kawaida."

Sasa tuje kwako. Jumanne nilipiga simu nikampata wifi, wewe ukiwa kazini. Tukaongea hili na lile, nikamwambia kutuma vyeti kunanitesa, naanza kuushuku hata mtandao. Akacheka, akasema, "Si tangu siku ile! Mama alikuwa ameganda mdomo wazi, sauti zenu zinakuja nusu nusu, watoto hapa walikuwa hawana mbavu."

Nilikata simu. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Hukutuona, kaka. Hukutuona hata dakika moja.

Najua kwa nini ulisema vile. Mama alikuwa ametoa macho, ukamhurumia. Kwa hilo sina neno, pengine hata mimi mbele yake ningesema hivyo hivyo. Lakini jioni ile ile ulikuwa na namba yangu. Ungeniambia sentensi moja tu, "Dada, sikuwaona, rudisha hiyo antena," ningemrudisha muuzaji kesho yake kabla hajakaza misumari. Ukapita mwezi wa tano, ukapita wa sita, ukapita wa saba. Kila ukipiga unauliza, "Mtandao wangu unaendaje?" Mtandao wako! Ulinyamaza ili isije ikajulikana kwamba umechagua vibaya. Usiniambie ulisahau. Watoto wako bado wanalicheka.

Nimeshavuta waya wa msusi. Vyeti vinane vinakwenda kabla sijamaliza kufunga kifuniko cha skana. Antena imebaki juu ya paa ikimalizia mkataba wake, na ndege wanaishukuru.

Sitaki pole yako, na usinitumie kitu chochote. Nataka kitu kimoja. Mwandikie Msomi, kwa mkono wako, umwambie kwamba siku ile hukutuona, kwamba mtandao ulikuwa mbovu tangu saa ya kwanza na wewe ulijua. Mimi nikimwambia ataona ninamtetea. Anayemwamini ni wewe. Iandike siku utakayoipata hii, barua za huko zinachukua wiki tatu, na dirisha halimsubiri mtu. Usiogope kushuka machoni pake. Machoni pangu umeshashuka, na bado nakuita kaka.

Mama usimwambie. Kila mgeni anayeingia anasimuliwa jinsi mwanawe alivyomwona hajabadilika. Mwachie hilo.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae nguo nzito. Wifi msalimie, mwambie simlaumu, katika nyumba yenu ndiye aliyesema kweli, ingawa aliisema akicheka. Watoto wabusu vichwani. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya, na akupe nguvu ya kuandika mistari mitatu.

Nilimuuliza Msomi kama ana salamu za kukutumia. Alikuwa anapanga karatasi, hakuinua kichwa. Akasema, "Mwambie mjomba anisamehe, nimemwangusha." Nimekuandikia kama alivyosema.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo.