Nimepigwa Bila Kujua, na Sasa Sijui Nivae Nini

Bi Edith mpendwa wa ukurasa huu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tuko sawa basi tusalimiane tu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mwenyeji wa Tanga, naishi Abu Hamour na mume wangu anayeendesha basi la shule, na kazi yangu ni chumba cha kufulia cha hoteli moja hapa Doha ambayo naomba usiitaje, ila jina langu liache, maana watanijua hata ukilificha. Naomba msaada, na naomba usicheke, au cheka kwanza halafu unisaidie, kwa sababu mimi mwenyewe nikipiga pasi mashuka nacheka peke yangu mpaka wenzangu wananitazama.

Kilichonipata ni mchezo. Hoteli ilituandalia mashindano ya idara kwa idara, siku za Ijumaa baada ya swala ya alasiri, kwenye ukumbi uliokuwa ghala zamani huko upande wa viwandani, na mchezo wenyewe wanauita airsoft, ni kupigana kwa bunduki zinazotema vidonge vya plastiki vidogo kama punje za mbaazi, watu wanajificha nyuma ya mapipa na mbao, taa zimefifia, na kila timu inaitaka bendera ya mwenzake. Mimi niliandikwa kwa sababu timu ya kufulia ilipungukiwa mtu mmoja tu, akaja kapteni wetu Carolyne, binti wa Kikenya anayekunja taulo mezani kwangu, akaniambia, "Mama Zaina, wewe simama tu nyuma ya pipa, tukishindwa tutashindwa wote."

Nikamuuliza, "Vinauma hivyo vidonge?"

"Kama nyuki, Mama. Lakini nyuki mpole."

Sasa Bi Edith, mimi nyuki namjua na upole hana. Basi siku ya kwanza nikajivika kama naenda kwenye baridi ya Ulaya. Ndani dera, juu yake nikajifunga taulo langu kubwa la kuogea kuzunguka mgongo na kiuno, langu mwenyewe si la hoteli, juu ya taulo kanga mbili, moja huku na moja kule, halafu baibui juu ya yote, hijabu na pini zangu nne, miguuni kandambili kwa sababu nilidhani tutasimama tu, na usoni ile barakoa ya plastiki wanayokulazimisha kuvaa kulinda macho, ambayo baada ya kupumua kidogo ikajaa ukungu nikawa natazama dunia kama niko ndani ya birika. Kipenga kilipolia nikakanyaga pindo la baibui, kandambili moja ikaenda kwa adui, mimi nikaanguka nyuma ya pipa.

Na hapo hapo kwenye kuanguka ndipo nilipogundua kipaji changu. Mtu aliyekaa miaka yote kwenye mbuzi ya kukunia nazi anaweza kuchuchumaa saa nzima magoti yasimshtuke. Vijana wanachuchumaa kidogo tu wanaanza kuguna, mimi nimetulia zangu chini, mweusi tii ndani ya giza, wanapita mbele yangu wananiona kama mfuko wa takataka, nami nawapiga mmoja mmoja huku nasema moyoni samahani mwanangu. Tukawashinda watu wa jikoni. Tukawashinda watu wa mapokezi, ambao walikuja na manukato, nikawasikia kabla sijawaona. Mimi sijawahi kushinda kitu maishani isipokuwa deli la plastiki kwenye harusi. Nilirudi nyumbani naruka kwenye ngazi, Baba Zaina akaniuliza umepandishwa cheo, nikamwambia nimewaua wapishi wote.

Tatizo lilianza nusu fainali, tulipokutana na walinzi, ambao kapteni wao ni kijana wa Kikenya anaitwa Silvesta, mtu mpole, mtu wa kanisani kule Mesaimeer kila Ijumaa asubuhi, maana huku mapumziko ni Ijumaa. Na hapa nikueleze sheria moja ndipo uelewe. Huu si ule mchezo wa rangi ambao ukipigwa unachafuka kila mtu akaona. Kidonge kinakugusa, kinaanguka, hakuna alama. Kwa hiyo aliyepigwa ndiye anayesema mwenyewe, anainua mkono, anatamka "nimekufa", anatoka. Refa hana cha kuona. Mchezo mzima umesimama juu ya ukweli wa mtu.

Basi tulibaki mimi na Silvesta peke yetu, nikawa natembea kwa kuinama kuelekea bendera yao, nasikia bunduki yake inalia tu nyuma yangu, nikasema moyoni kijana huyu leo hana shabaha. Nikachukua bendera. Wenzangu wakaingia wakinibeba, wakashindwa, wakaniweka chini. Silvesta akavua barakoa, jasho linamtiririka, akasema mbele ya watu, "Mama Zaina, nimekumiminia mgongo mzima. Wewe ni mtu ama ni godoro?"

Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Nikamwambia, "Shabaha yako iombee kanisani mwanangu."

Nikafika nyumbani nikaswali magharibi nikiwa bado na ushindi kichwani, halafu nikaenda kubadili nguo. Bi Edith, nilipofungua kanga ya kwanza nikasikia tak, tak sakafuni. Nilipofungua taulo, vikamwagika. Vidonge vimejaa kwenye mikunjo kama mchele kwenye mkeka, vinabingirika mpaka chini ya kitanda, Baba Zaina amepiga magoti anaviokota, akanijazia kiganja, akanitazama, akasema, "Mama Zaina, wewe ulikufa zamani sana."

Wallahi sikusikia hata kimoja. Lile taulo lilivimeza vyote.

Nikampigia Carolyne nikamweleza. Akasema, "Mama, si hukujua? Khalas, yamekwisha. Ulivyonyamaza nyamaza hivyo hivyo, fainali ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi na mimi mkataba wangu unaisha, nataka niende nyumbani na lile kombe." Kesho yake akaniletea suruali ya kijeshi kutoka duka moja la Al Sadd, mifuko mpaka magotini, na fulana ya kubana, eti nikivaa hizo nitasikia kila kitu na mambo yataisha. Nikajaribu suruali bafuni, nikajiona kama fundi bomba. Baba Zaina akasema kucheza amenipa ruhusa lakini si kwa kubanwa namna ile, "na mifuko yote hiyo unaenda kubeba mihogo?" Na mimi mwenyewe, wacha yeye, sitaki. Stara yangu sijawahi kuiweka chini, sitaanza kwenye ghala la watu.

Lakini linaloninyima raha ni hili. Kila pete, saa na simu wageni wanayosahau ndani ya mashuka inapita mkononi mwangu, na anayeipokea ni huyo huyo Silvesta, na siku zote ananiambia "ya Mama Zaina siiulizi." Juzi nimempelekea saa ya mgeni. Akaigeuza, akaitazama, akaniuliza, "Ni hii tu?" Tangu nifike nchi hii sijawahi kuulizwa hivyo.

Sasa nikisema, nawanyang'anya wenzangu fainali na Carolyne kombe lake. Nisiposema, Silvesta atakuwa ananiuliza "ni hii tu" mpaka nastaafu. Nikivaa mapana sisikii nikipigwa, nikivaa ya kubana si mimi. Na nikiacha kabisa, Bi Edith, nakwambia kweli kama ndugu, nitaumwa, kwa sababu naupenda huu mchezo mpaka naona aibu. Nifanye nini, na nivae nini?

Mwanaisha, Mama Zaina, Abu Hamour

*

Mama Zaina,

Ruhusa ya kucheka umenipa mwenyewe, nimeitumia yote, na mhariri wangu ameitumia iliyobaki. Sasa tulia.

Jambo la kwanza si nguo. Mpaka ulipofungua ile kanga hukuwa na kosa, ulikuwa mama aliyejifunga taulo. Vidonge vilipoanguka sakafuni ukajua, na tangu ulipojua, kunyamaza ni kwako wewe, si kwa taulo tena. Usimsingizie Carolyne. Yeye ni kijana anayetaka kombe, amesema la kijana. Wewe ndiye mama hapo, na wewe ndiye unayekabidhi saa za watu.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa ya fainali, mwite Carolyne pembeni umwambie kuwa unaenda kusema, asije akalisikia kwa watu wa mapokezi. Atanuna. Mwache anune. Kisha nenda kwa Silvesta pale langoni, mchana, bila kuzunguka, umwambie, "Ulinipiga. Vidonge nimevikuta kwenye nguo. Sikusikia, lakini ulinipiga, na nilikutania mbele za watu." Usiongeze hadithi ya nyuki wala ya kukuna nazi, nakujua utaongeza. Wakitaka mchezo urudiwe, urudiwe. Wakisema fainali ni yao, wape, ukakae pembeni na Carolyne muwapigie makofi. Kombe la namna ile litamkera huko kwao kila akilifuta vumbi.

Na la Silvesta, usimlaumu kwa kukuuliza. Mlinzi aliyemmiminia mtu mgongo mzima na mtu akaendelea kutembea lazima aulize mara mbili. Ningekuwa mimi ningeuliza mara tatu.

Sasa nguo, maana hapo umekosea kila mahali isipokuwa nia. Ulijivika usiumie, wakati mchezo wenyewe unamtaka mtu asikie. Taulo libaki bafuni. Kanga zote mbili zibaki kabatini. Baibui pia lipumzike siku ya mchezo, kwanza litakuangusha uvunje nyonga, na pili, wacha nikuambie ukweli, nusu ya kipaji chako ni nguo nyeusi kwenye giza. Tutaona umebakiza nini.

Ya sheria za dini yako sina mamlaka, mimi ni mtu wa kanisani kama huyo Silvesta, muulize anayejua. Lakini macho ninayo, na nyinyi nyote mnaishi Doha na vazi mnalolitafuta linapita mbele yenu kila siku. Tazama akina mama wa Kipakistani wanavyovaa: suruali pana iliyokusanywa kwenye kifundo cha mguu, na juu yake kanzu inayofika magotini, yenye mpasuo pembeni. Imesitiri, haibani, haiburuzi chini, na unachuchumaa utakavyo. Mafundi wa kuishona wamejaa mjini. Mwambie fundi akushonee ya pamba nyepesi, safu moja tu, rangi ya kijivu au kahawia, isiwe nyeupe kama mashuka yako. Mikono iishie kwa mpira kwenye vifundo vya mkono ili isining'inie. Ule mtandio mrefu wanaoutupia mabegani, uache nyumbani, utanasa kwenye pipa. Mahali pamoja tu nakuruhusu unene, ni magotini: mwambie aweke mfuko kwa ndani na sifongo, kwa sababu magoti ya miaka arobaini na saba hata yakiwa ya mkuna nazi hayapendi saruji. Mgongoni, marufuku. Mgongo uachwe usikie.

Kichwani vaa hijabu ile ya kuvuta, isiyo na pini hata moja. Pini chini ya barakoa ni hatari, nashangaa hujajichoma. Mapindo yake yaingize ndani ya kola, na usiifunge ikakufunika pua, maana pumzi yako yote inapanda kwenye kioo cha barakoa na ndiyo birika lako hilo. Kabla ya kwenda, paka kioo tone la sabuni ya vyombo, kifute kwa kitambaa laini mpaka kikauke. Kikijaa ukungu hata hivyo, inua mkono utoke nje ya uwanja ndipo ukifute. Ndani ya uwanja barakoa haivuliwi, hata kidogo, hata kama umekufa. Jicho ni jicho.

Kandambili, Mama Zaina. Sitaki hata kuanza. Vaa vile viatu vyako vya kazini vya kufungwa, vya soli ya mpira, ambavyo havitelezi kwenye maji ya mashine, na soksi ndefu. Mikononi glavu nyembamba, kwa sababu kidonge kikigonga kidole hutakunja shuka wiki nzima. Suruali ya Al Sadd mrudishie Carolyne kwa shukrani, yeye itampendeza.

Vazi likiwa tayari, lijaribu kabla ya siku. Livae lote, simama sebuleni, fumba macho, geuka ukutani, umpe Baba Zaina bakuli la dengu mbichi akutupie mgongoni moja moja, taratibu, popote apendapo. Kila ikikugusa sema. Akirusha ukanyamaza, kuna safu imezidi, ivue ujaribu tena. Najua atafurahia kazi hiyo kupita kiasi, mwekee mpaka, bakuli moja linatosha. Dengu mziokote wote wawili, mkazipike.

Na furaha yako usiionee aibu mbele yangu. Umefua mashuka ya watu miaka na miaka, ukipata mahali pa kuchuchumaa na kuwapiga wapishi, chuchumaa. Swala yako umeiswali kwanza, mume wako anajua ulipo, hakuna unayemdhuru. Kilichobaki ni kimoja tu, nacho hakishonwi na fundi. Nguo yoyote inaweza kukuficha kidonge kimoja, hata hiyo mpya. Basi ukihisi kitu kimekugusa, hata kama ni kola yako mwenyewe, usisubiri uhakika. Mkono juu, useme nimekufa, useme kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Utakufa mara nyingi siku hiyo, Mama Zaina, na mara nyingine utakufa bure. Kufa tu. Raundi inayofuata utaingia tena, na Silvesta atajua kwamba akikupiga, utasema.

Edith