Neno la Tano la Mama Kulwa

Ko.

Kifundo cha kidole kwenye meza ya mbao, mara moja, basi. Leo ni Jumatatu, ukungu umeshuka Katandala tangu saa tisa mchana na nguo nilizoanika juzi bado mbichi, lakini sauti ninayoisikia ni ya Alhamisi iliyopita. Nimeisikia nikichota maji. Jana nimeisikia kanisani, katikati ya sala, nikageuka kuangalia ni nani.

Hakuna aliyegonga.

Wanaonisoma hapa wanajua nafanya kazi na wagonjwa wa kiharusi. Wengi wanadhani ni kunyoosha mikono na miguu tu. Sehemu ninayoipenda mimi ni nyingine: kupima akili ilivyobaki. Kuna karatasi ya maswali. Namtajia mgonjwa maneno matano, anayarudia. Kisha namwambia agonge meza kila anaposikia neno "ng'ombe" kati ya wanyama ninaowataja. Baada ya hapo, bila kumpa onyo, namuuliza: yale maneno matano ya mwanzo yalikuwa yapi?

Napenda sana hapo. Naona aibu kuliandika, lakini ni kweli. Ni kama kusimama mlangoni mwa nyumba ya mtu na kuchungulia nani bado anaishi ndani.

Alhamisi aliletwa Mama Kulwa, Msukuma wa Mtowisa, bondeni. Ni mjane, ana majaruba ya mpunga na ng'ombe. Kiharusi kilimpata miezi miwili iliyopita, mkono wa kulia ukalegea. Alikuja na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwanamume mpole aliyevaa koti zuri. Alisema baraza la kijiji linataka karatasi ya hospitali ionyeshe kama mama anaweza kusimamia mali yake mwenyewe.

"Sisi tunamtakia mema tu, dokta," alisema. Mimi si daktari. Sikumsahihisha.

Nilimtajia mama maneno: kisu, pamba, kanisa, mlima, kijani. Akayarudia taratibu. Kisu. Kanisa. Mlima. Kijani. Kisha akasema, "Na ile nyeupe ya shambani."

Tulifundishwa kuhusu hilo. Ubongo ukiumia, mtu analijua jambo lakini hapati jina lake, kwa hiyo analizunguka. Niliandika: *anazunguka neno*.

Tukafanya zoezi la ng'ombe. Hakukosea hata mara moja. Mfugaji huyo.

Nikamuuliza tena yale maneno. Akayataja manne. Nikasubiri la tano. Aliniangalia machoni, muda mrefu, kama mtu anayekuomba ufahamu jambo bila yeye kulisema. Kisha akakunja kidole cha mkono mzima na kugonga meza.

Ko.

Hilo nalo tulifundishwa. Mgonjwa anang'ang'ania zoezi lililopita, hawezi kuliachia. Nikaandika: *amekwama*. Nikajumlisha. Alibakiza alama moja kufika kwenye mstari wa kupita. Nikaandika chini kwamba hana uwezo wa kutosha wa kufanya maamuzi, nikasaini.

Shemeji yake alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha muda wote. Mama alipogonga meza, yeye alitazama viatu vyake. Niliona mdomo wake ukicheza kidogo. Nilidhani ni huzuni.

Ijumaa wakashuka bondeni na karatasi.

Jumamosi alikuja Kulwa, binti yake anayeuza mchele hapa sokoni, kuchukua dawa za mama yake. Nilitaka kumwandaa, kumweleza kwa upole kwamba kumbukumbu ya mama haitarudi yote. Nikampa mfano: mama alishindwa kukumbuka neno jepesi kama pamba.

Kulwa alicheka mpaka akashika meza.

"Dada, wewe ulimwambia mama yangu ataje pamba?"

"Ni neno la kawaida tu."

"La kawaida kwenu Wafipa! Babu mzaa baba aliitwa Pamba. Baba mkwe wake huyo! Kwetu mke hataji jina la mkwe. Tangu mama aolewe hajalitamka. Godoro la pamba analiita godoro la mawingu. Ungemchapa hata fimbo asingelisema." Kisha kicheko kikamwishia polepole, kama maji yanavyokauka sufuriani. "Kwani uliandika nini kwenye ile karatasi?"

Nikamwambia.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alisema tu kwamba baraza linakaa Jumatano, na kwamba tangu wanunuzi wa mpunga waanze kushuka bondeni na malori yao wenyewe, baba yake mdogo halali akiyawaza majaruba ya mama.

Sasa niandike lile ninaloogopa kuliandika.

Neno pamba nililiweka mimi. Orodha tuliyoletewa ilikuwa na "mahameli", kile kitambaa laini, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyejua mahameli ni nini. Nikalifuta, nikaweka pamba ili kipimo kiwe cha haki kwa watu wetu. Nilijisifu kwa wenzangu. Sikuuliza watu wetu ni akina nani.

Na yule mwanamume alijua. Pamba ni baba yake mzazi, yeye kulitamka haimdhuru. Alikaa pale akimwangalia shemeji yake akichagua kati ya heshima na shamba. Hakusema kitu, kwa sababu alijua atachagua nini.

Jana niliandika barua. Nimeeleza kosa, nimesema ni langu, na kwamba karatasi ya Alhamisi isitumike mpaka mama apimwe upya. Sijaandika kwamba mama ni mzima kabisa, kwa sababu sijui. Najua tu kwamba nililoandika ni uongo. Mkubwa wangu wa kazi aliisoma leo alfajiri, akasema mtu aliye kwenye kipindi cha majaribio ya kazi kama mimi hafuti saini yake mwenyewe, na kwamba yeye barua hiyo hakuiona. Saa kumi na mbili asubuhi Kulwa alipanda lori la Mtowisa, barua ameifunga kwenye pindo la kanga.

Saa nane mchana, nilipoinua kichwa, shemeji mtu amesimama mlangoni.

"Shikamoo," nilisema. Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba, binti." Si dokta tena. Akaketi kwenye kile kiti cha mgonjwa. Alisema amepanda na pikipiki, amepishana na lori la Kulwa kwenye mteremko. "Barabara ile ni mbaya mvua ikinyesha. Nimemwonea huruma mwanangu."

Habari za barua alikwisha kuzipata, sijui kwa nani. Nje mvua ilikuwa imeanza.

"Umesoma sana," akasema. "Aliyesoma sana anajua neno la kusema na neno la kuacha. Mama Kulwa hakusoma, lakini hilo analijua."

Kisha akakunja kidole, akagonga meza yangu mara moja, akaondoka.

Simu ya Kulwa haipatikani tangu saa sita. Najiambia ni mtandao, bondeni ni hivyo siku zote. Najiambia tena.

Alichokuwa hajui shemeji mtu ni kwamba sikumwachia Kulwa mzigo wote. Saa nne asubuhi, kabla yeye hajafika mlangoni kwangu, nilikuwa nimekwisha kumpigia simu mtendaji wa kijiji. Nilimsomea barua nzima, mstari kwa mstari, kisha nikamwomba aniambie alichosikia. Alikereka. Nikamwambia, rudia. Akarudia, na hakuacha kitu. Sijui mtendaji yule ni mtu wa nani, lakini hawezi tena kusema hakuambiwa.

Akauliza aandike taarifa imetoka kwa nani. Nikamtajia jina langu, nikamtajia la baba yangu, na la babu yangu, herufi kwa herufi, mpaka nikasikia kalamu yake imetulia.