Egon Ana Kipindi

Jumatatu, 5 Mei 1941
Samaki wa moshi tena! Usiku kucha Bi Mkurugenzi kanivutia blanketi, asubuhi anataka nimwamkie kwa cheo cha mumewe. Mkurugenzi wa nini? Wa duka la vifungo vya nguo, Hamburg! Mimi Myahudi nimekimbia Vienna kuwakwepa Wanazi, Waingereza wananifunga kambini, kisiwani huku, na kunilaza na Mnazi kitanda kimoja. Eti sote tunasema Kijerumani, sote maadui. Akili hizo!

Lakini leo — kambi ya wanandoa inafunguliwa! Nimemganda kamanda mwaka mzima, mwishowe katupa chumba: mimi, mume wangu Egon na binti yetu Trude. Egon akubali tu, Jumamosi tunahamia.

Jumatano, 7 Mei
Nimemwosha Trude nywele. Bi Mkurugenzi anacheka: Una hakika Daktari wako atakuja, Bi Daktari? Nikamwambia mume wako kapelekwa Kanada, na sidhani kama alilia kukuacha. Kanuna. Raha!

Alhamisi, 8 Mei
Siku ya kuonana na waume, ukumbini. Chai kama maji ya kuoshea vyombo. Egon kanenepa! Trude kajificha nyuma ya sketi yangu, hamjui.

Nikampa habari. Akakohoa. Nakijua kikohozi hicho. Eti kambi ya wanaume ina chuo, yeye anafundisha historia ya Bizanti, dola ya kale, na maprofesa wanakaa mstari wa mbele kumsikiliza. "Hedi mpenzi, tungoje mpaka Julai. Niko katikati."

Katikati ya nini, mwanamume wewe? Dola yenyewe ilishaanguka zamani!

"Na Trude?"

"Trude si anaye mama yake?"

Nilitamani kummwagia ile chai. Kamanda kasema asiyetokea Jumamosi, chumba chake watapewa wengine. Egon atafikiria. Atafikiria! Nimelia chooni, kwa hasira tu.

Jumamosi, 10 Mei
Naandika juu ya sanduku, nje ya kambi mpya. Bi Mkurugenzi kaniaga: "Upande wako wa kitanda nakuwekea." Mshenzi.

Basi la waume limefika. Wanashuka, wanakumbatiwa. Trude anauliza kila mmoja: huyu ndiye baba? Siye. Siye.

Dereva anapiga kelele, nani tena humo ndani? Kumbe kabaki mmoja, kiti cha nyuma — Egon! Kaja! Kainamia kitabu. Namgongea kioo. Ananionyesha kidole: kidogo tu.

Anamalizia ukurasa. Na Trude keshamshika mkono mwanamume mwingine, anamwita baba.