Ukuta Usipandishwe Wote

Kwa dada Kasyoki,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na mama na mbuzi wake wasiosikia la mtu. Mimi sijambo, ila baridi ya Mbooni inanilaza na soksi. Ningekupigia simu, lakini kwa simu wewe hunikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Uliuliza kama chuo hiki ni kigumu kama wanavyosema. Ni kigumu, dada. Huko Ikutha, darasani kwako, nilikuwa wa kwanza mihula minne, nikajiona. Hapa jaribio la kwanza nimepata thelathini na nne. Mwalimu wetu, Bwana Mutunga, ukisema kitu anauliza umejuaje, na ukimwambia kimo kwenye daftari anauliza aliyekiandika alijuaje. Wiki ya kwanza nililia chooni. Sasa nimeanza kupenda.

Juzi alitupeleka kwenye bwawa la mchanga. Tulichimba kwa mikono kwenye mchanga uliojaa nyuma ya ukuta mpaka maji yakatokea, safi kabisa. Nikalikumbuka bwawa letu la nyumbani, lile kikundi cha mwethya kilijenga kwa kazi ya pamoja, kwa mchoro wako. Letu ukichimba unapata tope, na sote tukalaumu mto. Bwana Mutunga alitueleza kwamba ukuta hupandishwa kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, ili mafuriko yaondoke na tope, mchanga mzito ubaki. Sisi tuliupandisha wote mara moja.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Nilikudanganya. Nilisema nahama kwa sababu maji ya chumvi yananiumiza tumbo, nawe ukahangaika kwa majirani kunitafutia ya mvua. Tumbo halikuwa na shida yoyote. Tangu mwaka jana nilihisi mchoro una kasoro, lakini sikuweza kukuuliza mbele ya wenzangu, wewe uliyenilea tangu baba afariki. Nikaona heri nikimbie. Naona aibu, na nakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Ningenyamaza tu, lakini mama ameniambia mwethya wanaanza bwawa la pili Jumatatu, kwa mchoro uleule. Dada, usiwaache wapandishe ukuta wote. Mwaka huu uishie mita moja. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii, na pale utakapoona nimekosea, nirekebishe.

Najua unawaza watu watasema nini. Waambie ulimtuma mdogo wako akaulize. Wala si uongo. Mimi nilikuwa nasitasita, na fomu ya uhamisho uliijaza wewe, kwa kalamu yako, ukaniambia niende nikajue kukuzidi.

Barua hii anakuletea jirani yetu Mutisya, aliyekuja kununua matunda. Anayo pia maparachichi yenu. Yaliyoiva zaidi ni ya mama. Msalimie, na mniombee jaribio la pili.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeumwa tumbo,

Mbithe