Macho ya Athanas

Mhunze, Kishapu

Mjukuu wangu Athanas,

Kosa la wengi huko kwenye machimbo ya dhahabu ni kudhani macho ya manjano ni bahati. Mkeo Martina ameniambia wenzako wa duarani, humo shimoni mnamochimba, wanakutania, "Bosi, dhahabu imekuingia machoni!" nawe unacheka na kunywa dawa ya mizizi. Tena anasema mkojo wako umekuwa mweusi nawe wasema ni uchovu tu.

Shikamoo yako imefika, marahaba. Pamba imeanza kupasuka, na ng'ombe wako mwekundu amezaa.

Mkojo mweusi kama chai ya rangi si uchovu, mjukuu wangu. Huenda ini linaumwa, na mizizi yaweza kuliumiza zaidi. Baba yako naye alitaniwa hivyo, akacheka, akanywa mizizi, akafa ungali mchanga. Ndiyo maana hukupata kumjua.

Nenda hospitali leo hii, upimwe damu.

Babu yako,
Masele