Picha Yangu Yenye Maua

Jumanne usiku

Na maua juu! Wameizungushia picha yangu maua!

Jumamosi chuo kinaniaga, baada ya miaka yote niliyochunguza jinsi jani la muhogo linavyogeuza mwanga wa jua kuwa chakula. Mwenyekiti wa kamati, mwanafunzi wangu wa zamani, kaniletea picha hapa nyumbani Kiseke jioni.

"Shikamoo, Profesa. Itakaa mbele wakati tunasoma wasifu wako."

Niliitika marahaba huku nikiyatazama yale maua. Picha ya marehemu mume wangu ilikaa hivyohivyo, chini ya turubai, wasifu ukisomwa.

"Toa hayo maua! Kwani nimekufa?"

Akacheka, akadhani natania.

Hajui kwamba Ijumaa nafuata hospitali majibu ya kipimo cha kipande cha nyama walichokata kwenye titi langu. Sijamwambia mtu, hata wanangu. Naogopa.

Alipoondoka niliyachomoa maua yote, nikayatia kwenye jagi la maji dirishani. Jani lililokatwa bado hufanya kazi yake likipata mwanga. Nimewafundisha hilo watoto wa watu maisha yangu yote.

Usiku huu, nani atanifundisha mimi?